Niligeuza kugawa vidonge kuwa proklamasyo, mzee mwenye afya kuliko wote akaanguka

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni wa kusoma na kucheka tu, sijawahi kufungua uzi. Leo nafungua kwa sababu juzi kuna ndugu aliuliza humu kama ni sawa msaidizi wa muuguzi kuwapa wazee dawa kwenye nyumba za kutunzia wazee. Watu wakagawanyika, wengine wakatukanana.

Mimi ndiye huyo msaidizi. Nitasema ukweli mtupu, na mtaona wenyewe kwamba kama ningekuwa natunga, ningejipangia nafasi nzuri kuliko hii.

Niko Bunia, Ituri. Kiswahili cha kwetu kina Kifaransa ndani yake na kina njia zake, kwa hiyo watu wakianza kuongea msishangae.

Nafanya kazi kwenye nyumba ndogo ya wazee inayoongozwa na sista. Kwetu sista tunamwita masere, basi nitamwita hivyo hivyo, Masere. Wazee wetu ni wale ambao familia zao zimetawanyika kwa sababu ya vita, au hawakuzaa, au walizaa watoto wenye shughuli nyingi sana. Kuna Wakatoliki, kuna Waislamu, kuna wanaobishana na wote wawili.

Kazi yangu ilikuwa kuogesha, kubadilisha mashuka, kulisha wasioweza kujilisha na kukata kucha. Ni kazi ya heshima, ila ukiulizwa kwenye harusi unafanya nini unabadilisha mada.

Muuguzi tunaye mmoja, Mama Ruti. Anahudumia pia kituo cha afya upande mwingine wa mji, kwa hiyo kwetu anakuja siku chache tu kwa wiki. Zamani mvua ikinyesha na barabara ikawa tope, Mama Ruti hafiki, na sanduku la dawa linabaki limefungwa. Mzee wa presha anakaa bila kidonge, sisi tunamtazama, yeye anatutazama.

Ndiyo maana Masere, Mama Ruti na daktari wakaamua wasaidizi tufundishwe, tupimwe, halafu turuhusiwe kugawa vidonge vya kila siku. Sindano hapana. Kubadilisha dozi hapana. Ni kutoa kile alichoandika daktari, kumuona mzee anameza, na kumwita Mama Ruti ukiona jambo.

Nilisoma, nikapimwa, nikapita. Wa kwanza katika nyumba yetu.

Wakuu, hapo ndipo akili yangu ilipoenda likizo.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda soko kuu nikanunua stetoskopu ya mtumba. Hakuna aliyeniagiza. Sikuwa na kazi nayo. Niliivaa shingoni asubuhi, niliivaa nikiosha vyombo, niliivaa nikienda kununua mkate ili jirani zangu waione. Bluzi yangu nyeupe, yaani koti la kazi, niliipiga pasi mpaka ikaanza kung'aa mgongoni. Na wazee walipoanza kuniita "Dokta", nilisema "hapana, hapana" kwa sauti ndogo sana, ili wasisikie.

Sasa, shida yangu ya kwanza ilikuwa kuwapata. Unaanza kugawa, huyu yuko chooni, yule yuko kwenye kuku, mwingine anakwambia subiri amalize rozari. Mama Ruti alikuwa anawafuata mmoja mmoja, kitanda kwa kitanda, polepole. Mimi nikaona huo ni utaratibu wa zamani. Mimi nina mawazo ya kisasa.

Nikaanzisha proklamasyo.

Kwa wasiojua: shule za huku Kongo, mwisho wa mwaka wazazi wote wanakusanyika, mkurugenzi anasoma majina na pourcentage, yaani asilimia ya alama, kwa sauti kubwa, aliyefaulu anapigiwa makofi na kumwagiwa poda kichwani. Aliyefeli hasomwi. Anabaki amesimama na nguo zake mpya, halafu anarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Jambo hilo tumezaliwa tukalikuta, na hakuna Mkongomani asiyelijua hilo joto la kusubiri jina lako.

Basi kila asubuhi, kabla ya uji, nilipanga viti uani. Nikasimama mbele na sanduku langu na stetoskopu yangu. Nikaita jina, nikataja ugonjwa kwa Kifaransa, nikataja idadi ya vidonge. Mzee anainuka, anakuja, anapokea kidonge na kikombe cha maji, wenzake wanapiga makofi.

Ndiyo, wakuu. Nilitangaza magonjwa ya watu uani, kila asubuhi, kwa sauti ya mkurugenzi. Kwenye mafunzo tulifundishwa siri ya mgonjwa, nikaandika vizuri, nikapata alama zote kwenye swali hilo.

Na wazee walipenda! Hilo ndilo lililonimaliza. Wakaanza kuja mapema. Mabibi wakafunga vitambaa vipya. Mwenye vidonge vingi akawa na makofi mengi. Nilirekodi video nikaiweka status, shangazi yangu wa Mahagi akanitumia emoji za moto na mioyo. Masere alipita siku moja akacheka, nami nikachukulia hicho ni kibali.

Aliyeongoza darasa alikuwa Mama Paskalina. Huyu ni mama wa Mahagi-Port, aliuza samaki maisha yake yote, ana sauti ya kuita mtu upande wa pili wa ziwa. Alikuwa na presha, sukari na magoti. Nilipomaliza kusoma vyake, watu walisimama. Alikuwa anarudi kwenye kiti chake anapunga mkono.

Pembeni yake alikaa Muzee Ramazani. Huyu alichimba dhahabu huko Mongbwalu tangu kijana. Mwislamu mtaratibu, mgongo umenyooka, anafagia ua mwenyewe, asubuhi anakunywa chai nyeusi tu na hali kitu mpaka mchana, mazoea ya shimoni. Mama Ruti kila akimpima hakuti kitu. Hana presha, hana sukari, hana chochote.

Kwa hiyo hakuwa anasomwa.

Wenzake wakaanza kumtania. "Ramazani, hata mwaka hii unadubla?" Kudubla ni kurudia darasa. Watu wanacheka. Na mimi, kwa akili zangu zote, nikaongeza yangu. Nikimaliza majina nilifunga sanduku na kusema, "Muzee Ramazani, zero!" Uani kote kicheko. Naye alicheka pia, kwa hiyo nikaona mambo yako sawa.

Baadaye akaanza kuja kwangu na magonjwa.

"Dokta, mugongo inaniluma."

"Muzee, unafagiaka kupita siye vijana. Mugongo gani?"

Kesho yake kichwa. Keshokutwa masikio. Nikampiga bega nikamwambia yeye ni mzima, amshukuru Mungu. Lilikuwa jibu sahihi la kitabibu, na nilikuwa mpumbavu kabisa wakati nalitoa.

Tuje kwa Mama Paskalina.

Sukari yake ikaanza kupanda. Mama Ruti akipima, iko juu. Akija tena, iko juu zaidi. Akaniita pembeni.

"Unamupatiaka dawa kweli?"

Wakuu, nilikasirika. Mimi? Mtu wa kwanza kupita? "Mama Ruti, kila asubuhi, na mukono yangu hii!"

"Na unaonaka anameza?"

"Naona."

Nilichokuwa naona ni mkono wake ukienda kinywani. Wakati huo mimi nilishageuka kuita jina linalofuata, maana makofi yakipoa, sherehe inapoa. Sikudanganya kwa makusudi. Niliamini kwamba kilichofika kinywani kimefika tumboni, na nilikuwa na bluzi iliyopigwa pasi ya kuniunga mkono.

Daktari akaamini maneno yangu, Mama Ruti akaamini maneno yangu. Dozi ya sukari ikapanda, kutoka kidonge kimoja mpaka viwili.

Kabla dozi haijapanda, mimi nilikuwa nimeanzisha upelelezi. Kama dawa anakunywa na sukari haishuki, basi mama huyu anakula vitamu kwa siri. Nilipekua chini ya kitanda chake. Nilimnyang'anya ndizi mbivu. Nilimkuta na andazi alilopewa na mgeni wa mwenzake, nikamchukulia, nikamhubiria habari ya figo na macho, halafu nikaenda jikoni nikalila. Lilikuwa tamu.

Mama Paskalina hakujitetea. Mwanamke ambaye sauti yake inavuka ziwa alinyamaza tu, akaangalia mikono yake. Mimi nikasema moyoni, ona, kimya cha mwenye hatia.

Asubuhi moja, siku chache baada ya dozi kupanda, tukamaliza proklamasyo kama kawaida. Wazee wakanywa uji, Muzee Ramazani akanywa chai yake nyeusi, akachukua ufagio. Jua lilipokuwa limepanda nikasikia mtu anafoka uani.

Ni yeye. Ameegemea ukuta, jasho linatiririka, kanzu imemganda mgongoni. Ananiangalia lakini si mimi anayemwona.

"Bazili! Toka mu shimo! Udongo inaanguka! Toka!"

Mimi si Bazili. Na pale uani hapakuwa na shimo.

Mnajua nilifikiria nini? Nilifikiria amelewa. Mzee Mwislamu ambaye hata harufu ya pombe ilikuwa inamfanya abadili njia. Nikamkaripia, wakuu. Nikamwambia, "Muzee, haya kwa umri yako!" mbele ya watu.

Akachukua hatua moja kuja kwangu, mkono umenyooshwa kama mtu anayetaka kumvuta mwenzake, akaanguka kifudifudi juu ya ufagio.

Hapo udokta wangu wote ukatoka kupitia miguuni. Nilipiga magoti, nikamgeuza ubavu. Halafu nikapima presha. Kwa nini presha? Kwa sababu kipimo cha presha ndicho kilichokuwa karibu na stetoskopu ilikuwa shingoni, na kwa mara ya kwanza maishani ilikuwa na kazi. Presha ilikuwa nzuri tu. Nikapima tena, kana kwamba ingeniambia kitu kingine. Nikafikiria malaria. Nikafikiria kiharusi. Kipimo cha sukari kilikuwa ndani ya sanduku, hatua chache kutoka pale, na hakikunijia hata akilini, maana mzee huyu si wa sukari. Mzee huyu ni zero.

Nilikuwa nampigia Mama Ruti simu nilipovutwa bluzi kutoka nyuma.

Mama Paskalina. Analia.

"Mumupatie sukari! Dokta, mumupatie sukari upesi! Amekunywa kinini yangu!"

Kwetu kidonge chochote ni kinini.

"Kinini gani?"

"Ya sukari! Namupatiaka kila siku! Weye fanya upesi, utaniuliza nyuma!"

Nikapima. Kipimo kikaonyesha namba ndogo ambayo sijawahi kuiona kwa mtu anayepumua.

Mama Ruti alikuwa kwenye simu, akawa ananielekeza. Nisimmiminie maji kinywani, atapaliwa. Masere akaleta asali kutoka jikoni, tukampaka ndani ya shavu, kidogo kidogo, tukimlaza ubavu. Mimi nilikuwa nasugua ufizi wa mzee kwa kidole na nalia, sifichi. Nilikuwa nasema "Muzee rudi, Muzee rudi", basi, sina kitu kingine nilichosema.

Akameza. Akafumbua macho. Tukampa maji ya sukari kwa kijiko alipoweza kumeza vizuri, na gari la parokia likampeleka hospitali. Mama Ruti alisema ile dawa hukaa mwilini muda mrefu, sukari inaweza kushuka tena, kwa hiyo hakuna kusema amepona. Kweli ilishuka tena, huko huko hospitali, wakamtundikia serumu, yaani dripu, na kumpima mchana kutwa. Kama tungemwacha nyumbani na asali yetu, leo uzi huu ungekuwa wa namna nyingine.

Mama Paskalina alieleza yote nikiwa nimekaa chini mbele yake, pale pale uani.

Alikuwa anaweka kidonge cha sukari chini ya ulimi, anarudi kwenye kiti anapunga mkono, halafu anakitemea kwenye kitambaa. Mwanzoni alikikata nusu, nusu yake, nusu ya Ramazani. Nusu hiyo ndiyo iliyofanya sukari yake ianze kupanda, na ndiyo iliyomfanya mzee atetemeke mikono baadhi ya asubuhi, nami nikasema ni uzee. Nilipoleta viwili, mama akafurahi. Sasa kila mtu atapata kizima.

"Lakini juu ya nini, Mama? Juu ya nini?"

Akaniangalia kama vile mimi ndiye mgeni duniani.

"Siye kwetu ku Mahagi-Port, mutumbwi ikirudia na samaki, mwenye amekosa hawezi kurudia nyumbani mikono mitupu. Utamutupia hata kamoja. Sasa weye unaitaka batu yote, unabapatia, tunapiga makofi, na ule muzee iko pale pale mbele yako, kila siku, hapana kitu. Ningekulaje mimi peke yangu?"

Yeye hakuona dawa. Kwa jinsi nilivyoigawa, hakuna aliyeweza kuona dawa. Niliigawa kama zawadi, naye akafanya kile ambacho mtu mwenye malezi hufanya na zawadi.

Na andazi? Alijua kwa nini sukari yake inapanda. Alikubali kuitwa mwizi wa vitamu mbele ya wenzake ili rafiki yake asiachwe nje tena. Nilimwomba msamaha pale pale chini.

Kilichofuata mnaweza kukisia. Nilivuliwa kazi ya dawa. Mama Ruti hakupiga kelele, alinyoosha tu mkono nikampa ufunguo. Nikarudi kwenye mashuka. Stetoskopu niliivua mwenyewe.

Daktari alirudisha dozi ya Mama Paskalina kwenye kidonge kimoja. Akakimeza chote peke yake, sukari ikatulia.

Masere alinitaka niende hospitali kumsalimu Muzee Ramazani. Nilienda nimebeba ndizi na hotuba ndefu. Nilimkuta amekaa, mgongo umenyooka, serumu mkononi. Hotuba ikapotea. Nikamwambia tu, "Muzee, unisamehe. Ile kinini ingekuua."

Akazisogeza ndizi pembeni.

"Kinini nilijua si yangu," akasema. "Mimi si mujinga. Sina ugonjwa, najua."

"Sasa ulikunywa juu ya nini?"

"Kila asubui ulipitaka mbele yangu kama mimi ni kiti. Ule mama aliniona."

Wakuu, nimetukanwa na watu wengi katika mji huu, wengine kwa vipaji vikubwa. Hakuna neno lililowahi kuniingia kama hilo.

Baadaye Mama Ruti alinifundisha upya, akanipima upya, siku kadhaa akanifuata nyuma kitanda kwa kitanda. Masere na daktari walikaa wakajadili kama wasaidizi tuondolewe dawa kabisa. Mama Ruti ndiye aliyenitetea, jambo ambalo sikulistahili. Alisema mvua itanyesha tena na barabara itakuwa tope tena, na wazee wa presha watakuwa pale pale.

Nikarudishiwa ufunguo. Hakuna viti uani. Ninakwenda kwa mtu mmoja mmoja, naongea kwa sauti ya chini, nampa, namngojea ameze, ananionyesha ulimi. Mama Paskalina ananionyesha ulimi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na najua hiyo siyo dawa tena, ni andazi lake ninalolipia.

Kwa yule ndugu aliyeuliza, jibu langu ni ndiyo, turuhusiwe, lakini tufundishwe na tusimamiwe. Kusoma jina la dawa nilijua vizuri sana. Kilichonishinda ni kukaa na mtu mpaka amalize kumeza, kazi ambayo haina makofi. Mkimuona msaidizi anagawa dawa kwa mbwembwe, mpelekeeni uzi huu.

Na kabla sijafungua sanduku, siku hizi naanzia kitanda cha Muzee Ramazani. Sina kitu mkononi. Nakaa, namshika mkono, namuuliza amelalaje, ananijibu kwa urefu, uji unapoa, wenzake wanalalamika. Wiki iliyopita aliniambia Bazili alikuwa nani, na kwa nini hakutoka shimoni.

Nikosoeni, nimekuja kwa hilo. Ila kila atakayeandika hapa chini aanze na jibu la swali langu. Mzee wa nyumbani kwenu ambaye haumwi chochote, hana dawa, hana shida, hasumbui mtu: leo asubuhi nani alikwenda kukaa naye?